Fahali wa Pili Zizini

Mama yangu aliokolewa na hori. Natanguliza hilo kwa sababu kila anayesikia kisa hiki huuliza nani alimkimbilia, nani alipiga yowe, mbwa walikuwa wapi. Hakuna aliyemkimbilia. Ilikuwa tarehe 23 Desemba 2021, nyumba imejaa kama ilivyo kawaida ya Uchagani mwezi huo, watoto wamelala sebuleni mpaka huoni pa kukanyaga, na kijana anayetusaidia ng'ombe alikuwa ameshapewa chake na kwenda kwao kula sikukuu. Mama hajawahi kusubiri mtu aamke. Alijitwika mzigo wa mabingobingo alfajiri, akaingia bandani peke yake.

Yatima, dume letu, alikuwa amemgeuzia ubavu. Mgongo ameupandisha, kichwa amekiinamisha, jicho moja linamtazama. "Nilidhani anataka nimkune," alitusimulia baadaye. Akatua mzigo, akanyoosha mkono. Kilichofuata anakikumbuka vipande vipande: mbao mgongoni, pumzi kukata, harufu ya manyoya mabichi. Alipoanguka, Yatima alipiga magoti ya mbele ili amsage kwa paji la uso. Pembe hakuwa nazo, tulimchoma vichomozo akiwa mdogo, la sivyo leo nisingekuwa naandika makala bali tanzia. Mama akabiringika chini ya hori. Marehemu baba aliiinua hori ile kwa matofali, kama futi moja na nusu kutoka sakafuni, ili maji ya kuoshea yapite kwenda shimoni. Kichwa cha dume hakikuenea.

Akakaa humo hana pumzi ya kuita mtu, akigonga ndoo ya bati kwa kipande cha mbao. Mimi nilisikia ile kelele, nikadhani ni watoto, nikajigeuza upande wa pili. Hilo sijamwambia mtu yeyote nyumbani mpaka leo. Nilipotoka hatimaye nilimvuta Yatima kwa debe la pumba upande wa pili wa uzio, na shemeji akapita chini akamtoa mama.

Mbavu mbili zilivunjika. Krismasi ile aliipokea kwenye kochi, amefungwa mito kila upande, na kila mgeni aliyeingia alisikia sentensi ile ile: "Hori ilimlaza Mwana wa Mungu, mimi imenificha." Ni mzee wa kanisa, usharika mzima ulicheka na kulia kwa zamu.

Sasa, watu hunikatalia ninapowaambia kwamba Yatima hakuwa ng'ombe mkali. Alikuwa mpole kuliko wote tuliowahi kufuga, na upole huo ndio uliovunja mbavu za mama.

Alizaliwa Machi 2020. Mama yake alikuwa mkamuliwa mzuri sana, na wakamuliwa wazuri ndio hupatwa na homa ya maziwa: akishazaa, madini ya kalsiamu yanakimbilia kwenye kiwele kwa kasi, damu inapungukiwa, misuli inagoma. Tulimkuta asubuhi amelala, shingo ameikunja kuelekea ubavuni, masikio ya baridi. Dripu ya kalsiamu ikiwahi, ng'ombe wa namna hiyo anaweza kusimama mbele ya macho yako kama vile hakuwa anaumwa. Yetu haikuwahi. Tukabaki na ndama dume wa siku moja, na jirani akatupa dang'a ya ng'ombe wake aliyekuwa amezaa usiku uleule. Mungu ambariki, maana ndama asipopata dang'a ndani ya saa chache za mwanzo hana kinga ya kusimamia.

Mnakumbuka Machi ya mwaka ule. Shule zilifungwa tarehe 17 kwa sababu ya korona, na dada zangu wa Dar es Salaam wakatuletea watoto wao wote sita. Watoto sita hawana shule, na ndama mmoja hana mama. Walimnyonyesha kwa chupa. Walimwogesha. Alikuwa akiwafuata mpaka barazani, siku moja aliingia sebuleni akasimama mbele ya televisheni wakati wa taarifa ya habari na mama akacheka mpaka akakaa chini. Na walikuwa na mchezo wao mmoja mkubwa: mtoto anaweka kiganja kwenye paji la uso la ndama, anasukuma, ndama anasukuma, anayerudi nyuma ameshindwa. Ndama wa kilo arobaini alikuwa akishindwa. Wa kilo themanini alikuwa anatoa sare. Tulipiga picha nyingi sana za mchezo ule. Bado ninazo kwenye simu, na nikizitazama sasa naona mtu akifundishwa ngumi.

Bwana mifugo wa kata alipita mwezi wa tisa kuchanja, akamwona.

"Kaka, huyu mhasi. Hata leo nina koleo."

"Daktari, dume zuri namna hii?"

"Ndiyo maana nakwambia. Akifika mwaka na nusu hutamjua."

Nilikataa. Niseme ukweli, ilikuwa tamaa. Majirani walishaanza kuulizia, na hesabu ya shilingi elfu kumi kwa kila mtamba atakayepandwa nilishaipiga kichwani. Nilipata hizo elfu kumi mara kumi na moja. Matibabu ya mama yalizimeza zote na zaidi.

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Methali hii tumeisikia mpaka imekuwa ya wanasiasa na wake wenza, hakuna anayekumbuka tena kwamba aliyeitunga alikuwa anazungumzia ng'ombe. Mimi niliielewa baada ya Desemba ile. Ndama anayekua na ng'ombe wenzake anajifunza kwamba yeye ni ng'ombe. Ugomvi wake wa ukubwa ataumaliza na ng'ombe. Ndama anayelelewa peke yake mikononi mwa watu hajifunzi hivyo. Wewe ndiye kundi lake. Siku homoni zinapopanda na anaanza kutafuta mwenye zizi ili amtoe, anatazama huku na huku, na fahali wa pili anayemwona ni wewe uliyeshika debe la pumba.

Jambo hili lina utafiti wake. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani, Price na Wallach, walichapisha matokeo yao juu ya madume ya Hereford yaliyolelewa kwa mkono: yale yaliyotengwa peke yake tangu udogoni yaliwatishia watu zaidi kuliko yaliyokulia na wenzake. Temple Grandin wa Chuo Kikuu cha Colorado State, ambaye amefanya kazi maisha yake yote juu ya tabia za ng'ombe, anashauri kitu kilekile alichoniambia bwana mifugo wa kata yetu akiwa na gambuti zake zenye tope: ndama dume yatima ahasiwe mapema, au akue na ng'ombe wenzake. Sikuhitaji kwenda Colorado. Nilihitaji kusikiliza.

Na ule ubavu aliomgeuzia mama haukuwa ombi la kukunwa. Dume akikupa ubavu, shingo ameikaza na mgongo ameupandisha, anakuonyesha ukubwa wake: nitazame nilivyo, kisha amua. Ng'ombe mwenzake angeelewa, angeondoka au angepokea ugomvi. Binadamu tunanyoosha mkono. Baada ya hapo huja kichwa chini, macho kutokeza, kuparua ardhi kwa kwato na kujirushia udongo mgongoni, lakini wengine hawafiki huko, wanaruka hatua. Ukiuona ubavu tu, ondoka. Usimpe mgongo wala usikimbie kama hujui pa kufikia, rudi kinyumenyume ukimtazama mpaka uguse mlango. Na ukiwa na dume, jua mlango uko wapi kabla hujaingia.

Wapemba wana mchezo wao wa ng'ombe, wengine husema ni masalia ya Wareno. Fahali anachokozwa uwanjani kwa ngoma na zumari, watu wanakimbia, wanaparamia miti, mwisho fahali anarudi kwake hajauawa. Zamani niliwaona kama watu waliochoka kuishi. Siku hizi nawaona wana akili kuliko mimi: wao angalau wanaingia mle wakijua wanacheza na nani.

Mfano wa upande wa pili ni Pilipili. Ng'ombe huyu tulikuwa naye miaka tisa, mweusi, mdogo, mwenye chuki na dunia. Alipiga teke ndoo, kigoda, paka, na siku moja taa ya kandili iliyokuwa imetundikwa juu kuliko nilivyodhani mguu wa ng'ombe unaweza kufika. Katika miaka tisa hakuumiza mtu hata mmoja. Hakuna aliyemwendea bila kumsemesha kwanza. Ng'ombe macho yake yako pembeni, anaona karibu pande zote, ila nyuma ya matako yake pale pale haoni kitu; ukimtokea hapo kimya anapiga kwanza halafu ndiyo anauliza. Kwa Pilipili ulianza kuongea tangu kwenye migomba. Ulimpitia begani, ukamwekea kiganja mgongoni, ukakiburuza polepole mpaka kwenye paja, usiondoe mkono njiani, ndipo ukachuchumaa.

Na ukichuchumaa, uwe karibu. Hili ndilo gumu kumfundisha mgeni, kwa sababu mwili wake wote unamwambia akae mbali. Teke la ng'ombe haliendi nyuma moja kwa moja kama la punda. Linaanza mbele, linazunguka kwenda pembeni, kama mtu anayefyeka kwa fyekeo. Ukiwa umemwegemea, bega lako likiwa kwenye paja lake, unausikia msuli ukikaza kabla mguu haujanyanyuka, na hata likikupata ni msukumo tu. Ukiwa mbali kabisa halikufikii. Anayevunjika mfupa ni yule aliyejikunyata katikati, kwenye ile nafasi ambayo mguu umeshachukua kasi. Mama alinifundisha haya nikiwa na miaka minane kwa kunisukuma mgongo: "Sogea. Sogea tena. Lala juu yake."

Ndiyo maana kisa cha Yatima kinamuuma. Yeye ndiye mwalimu.

Nikaanza kuhesabu majeraha yote ya kwetu ninayoyakumbuka, na kila nikifuatilia nakuta mnyama aliyezoeleka. Baba mdogo hana pingili mbili za kidole cha shahada. Zilichukuliwa na ng'ombe kikongwe ambaye watoto walikuwa wakimpanda mgongoni. Alikuwa anampeleka kwa mnunuzi, kamba ameizungusha mara mbili mkononi ili aweze kushika simu kwa mkono mwingine. Bodaboda ikapita na honi yake ya lori. Ng'ombe hakukimbia hata, alishtuka tu, hatua tatu. Kilo mia nne kwa hatua tatu. Baba mdogo anasema hakusikia maumivu, alisikia sauti, kama unapovunja muwa. Ukimwona leo anaongoza ng'ombe, kamba ameikunja mikunjo bapa na kuishika kwa kiganja, hakuna duara linalozunguka chochote, na akimwona kijana amejifunga kamba kiunoni atamtukana mbele ya wakwe zake.

Kidole kile alikimwagia mafuta ya taa, akakifunga kitambaa, akataka kuendelea na safari. Shangazi ndiye aliyemburuza hospitali, akimpigia kelele neno moja njia nzima: pepopunda. Hata jina la ugonjwa wenyewe limetoka kwa mnyama wa kufugwa. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kwenye samadi, vinapenda jeraha lenye tundu refu lisilopata hewa, kwa hiyo msumari wa bandani au ncha ya pembe ndiyo njia yao. Akina mama huchomwa sindano yake kliniki wakiwa wajawazito. Sisi wanaume wengi mara ya mwisho tulichomwa tukiwa tumebebwa mgongoni.

Mpwa wangu aling'atwa na mbwa wetu mwenyewe. Getini tuna kibao cha "Mbwa Mkali" tangu enzi za baba, na mbwa mkali kweli alikuwepo, amefungwa mnyororo mchana, kila mtu anampitia mbali. Aliyeng'ata ni yule mwingine, anayelala mlangoni na kuvutwa mkia na watoto. Alikuwa na mfupa, mtoto akamkumbatia. Tulimshika mtoto tukamweka mkono chini ya bomba, sabuni ya kufulia na maji yanayotiririka, dakika 15 tukitazama saa, analia na sisi tunalia. Jirani alikuja na majani ya kubandika tukamshukuru tukayaweka pembeni. Kituo cha kwanza chanjo haikuwepo, cha pili ikapatikana. Mbwa alikuwa amechanjwa, na bado tulikwenda siku ile ile, na nitakwenda tena ikitokea, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona.

Jogoo aliyemrukia mtoto usoni na kumchana kwa kipi cha mguuni, kidole kimoja chini ya jicho, alikuwa kitoweo cha wali Jumapili ile ile. Kuhusu jogoo sina falsafa.

Na beberu, niseme nini. Neno lenyewe tumeligeuza jina la wakoloni, na aliyeligeuza bila shaka alifuga mbuzi. Wa kwetu alisubiri uiname. Hakuwahi kumgusa mtu aliyesimama wima.

Baada ya sikukuu nilimwita fundi tukalibomoa banda nusu. Mlango ulikuwa unafunguka kwa ndani. Fikiria hilo: kwa miaka yote ile mtu aliyebanwa mle angelazimika kumrudisha nyuma ng'ombe ili afungue mlango atoke. Sasa unafunguka nje. Kwenye kila kona ya ukuta tuliacha mwanya wa sentimita 40, mtu anapita kiubavu, ng'ombe hapiti. Fundi aliuliza tena na tena kama ni wa mbwa. Nikamwambia ni wa mama yangu. Hori ikapata upenyo upande wa nje, chakula kinatiwa bila mtu kuingia. Sakafu tuliichora mistari saruji ikiwa mbichi, maana ng'ombe anayeteleza anakuangukia bila hata kuwa na nia mbaya. Hayo yote yaligharimu chini ya bei ya mtamba mmoja, na miwanya haikugharimu kitu kabisa, ni mbao ambazo hukupigilia.

Hori yenyewe fundi alitaka kuishusha chini ili ng'ombe wale wakiwa wameinamisha shingo kama wakiwa malishoni, jambo ambalo kitaalamu ni sahihi. Mama alisimama mlangoni na mbavu zake, akasema hori hiyo haiguswi.

Yatima aliondoka Januari. Dalali alimzunguka mara mbili, akapiga mluzi.

"Mangi, dume kama hili unauza kwa nini?"

Ningeweza kudanganya. Wapo wengi wanaodanganya, na ndivyo dume la hatari linavyozunguka kijiji hadi kijiji, kila mama na zamu yake. Nikamweleza. Akashusha bei laki mbili papo hapo, tukakubaliana ni wa kuchinjwa, si wa kupandia. Yatima alipanda gari mwenyewe, bila kuvutwa, akifuata debe la pumba. Niliingia ndani sikutaka kuona zaidi. Watoto wa Dar waliambiwa amehamia Bomang'ombe, na kwa kuwa jina la mji linajieleza, wakaridhika.

Siku hizi hatufugi dume. Ng'ombe akianza kupanda wenzake na kulia asubuhi, nampigia simu mhimilishaji, mtaalamu wa kupandikiza mbegu, anafika jioni na bodaboda, mtungi wa naitrojeni amefungiwa nyuma. Mbegu ndani yake ziko nyuzi 196 chini ya sifuri, nyingi huku kwetu hutoka kituo cha taifa pale Usa River, umbali wa saa chache tu, kutoka kwa mafahali ambao wako mikononi mwa watu waliosomea kazi hiyo. Isipokamata, siku 21 baadaye tunaanza upya. Mara mbili haikukamata, nikakumbuka zile elfu kumi zangu, kisha nikakumbuka ndoo.

Agosti iliyopita tulipata ndama. Dume. Mama yake mzima, ana maziwa, tukamwacha naye, na kabla ya miezi mitatu bwana mifugo alikuja na lile koleo lake. Hakunikumbusha kitu, akanipa tu kamba nishike. Mama amekataza asipewe jina. Watoto, ambao wengine sasa wana ndevu, wamemwita Hori, na mama anajifanya hasikii.

Juzi mdogo kuliko wote, aliyezaliwa baada ya mambo haya, alipenya kwenye mwanya wa kona akamfikia. Kiganja chake kilikuwa tayari kimefika kwenye paji la uso, na ndama ameshaanza kuegemeza uzito. Mama alikuwa anakata magome ya migomba nje ya uzio. Hakupiga kelele. Alipitisha mkono kati ya mbao, akakishika kile kiganja, akakishusha mpaka chini ya kidevu cha ndama, akakisugua hapo mara mbili tatu kumwonyesha.

"Huku," akamwambia. "Halafu toka."